Kingamwili Iking'aa, Imeshika Nini?

Mwaka 1975 watafiti Brown na Starratt walitangaza proktolini, niuropeptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino ambao seli za neva hutumia kupeleka ujumbe) ya kwanza ya wadudu kujulikana mpangilio wake. Ni asidi amino tano tu, na ili kuzipata walisaga mende wapatao 125,000. Sasa, ukishamsaga mende, swali letu la leo limekwisha kupotea humo kwenye rojo: ilikuwa ndani ya seli ipi?

Ndipo tunapogeukia kingamwili, protini za kinga ya mwili zinazotambua kitu kigeni na kukishika. Peptidi peke yake ni ndogo mno. Mdunge sungura nayo, kinga yake haishtuki. Huunganishwa kwanza na protini kubwa, albumini kwa mfano, ndipo damu ya sungura itoe kingamwili za kuitambua. Ubongo wa mdudu hukazwa kwa paraformaldehidi, kemikali ya kuhifadhi tishu, hulowekwa kwenye kingamwili hizo, kisha huja kingamwili ya pili, yenye rangi ya kung'aa, kuishika ile ya kwanza. Kwenye darubini seli chache huwaka katikati ya maelfu. Fuata nyuzi zake utaona vinundu vimepangana kama tasbihi. Humo ndimo peptidi hukaa ikisubiri kuachiliwa.

Lakini msishangilie bado. Kingamwili haitambui peptidi nzima. Hushika kipande, mara nyingi ncha. FMRFamidi, peptidi nyingine, ilipatikana kwa kombe wa baharini mwaka 1977. Kingamwili dhidi yake, zilipotumiwa kwa wadudu, ziliwasha seli chungu nzima, maana sulfakinini na myosupresini, peptidi za wadudu wenyewe, nazo zina ncha kama hiyo. Wengi hujitetea kwa kuichanganya kingamwili na peptidi yake kwanza, waone mng'ao ukitoweka. Kwangu mimi hilo linaipima kingamwili tu. Kilichomo ndani ya seli bado hatujakijua.

Mfanano wa peptidi uliwahi kutufaa, tena sana. Kingamwili dhidi ya homoni ya kaa inayotawanya chembe za rangi zilijaribiwa kwa nzi wa matunda, Drosophila, zikaonyesha seli nne kubwa na nne ndogo kila upande wa ubongo. Mwaka 1995 Charlotte Helfrich-Förster akaonyesha kuwa hizo ni seli za saa ya mwili. Peptidi ya nzi ikaitwa PDF, kifupi cha jina la Kiingereza pigment-dispersing factor, yaani kitawanya rangi. Mwaka 1999 wakachunguzwa nzi wasio na jeni yake: kingamwili ileile haikuwasha kitu, na nzi hao, wakiwekwa gizani mfululizo, wengi wao walipoteza mpangilio wao wa kuamka na kupumzika baada ya siku chache. Ushahidi wa namna hiyo naukubali.