Rakuni darini: usizibe tundu kabla hujajua nani yumo

Habari zenu, jamani. Kama unaishi hapa Toronto na usiku unasikia vishindo juu ya dari kama mtu anayetembea na ndala, huyo si panya, na jini pia msimsingizie. Ni rakuni. Kwa mlioko nyumbani ambao hamjawahi kumwona: mchukue fungo, mnenepeshe, mpake masizi machoni, halafu mpe vidole vya mtoto mdogo. Hivyo vidole ndivyo vinavyotutesa.

Kwanza tutafute anapoingilia. Sogea uone hili bomba la maji ya mvua. Haya matope ni alama ya mkono, vidole vitano vimetandazwa. Panda nayo kwa macho mpaka ukingo wa paa. Unaona ubao ulivyobonyea, na kwenye kichwa cha msumari pamenasa manyoya ya kijivu? Mlango wake ndio huo.

Sasa shusha nyundo. Mimi mwaka wa kwanza niliziba tundu mchana kweupe nikajisifu kweli. Kumbe rakuni hulala mchana, na mama alikuwa ndani na wanawe. Usiku ule alirarua paa upande wa pili, nikamlipa fundi mara mbili.

Kwa hiyo chukua gazeti, lifinyange kama mpira, lichomeke kwenye tundu bila kulikaza sana. Ngoja siku tatu zisizo na dhoruba. Likikaa vilevile, hamna mtu, unaweza kuziba. Likiondolewa, una mpangaji.

Kuanzia Machi hadi Julai mwanzoni, hesabu kwamba watoto wamo mpaka uhakikishe vinginevyo. Jioni zima televisheni, usikilize: hulia kama vifaranga. Kwa kawaida huwa wawili hadi watano, na huanza kumfuata mama nje wakiwa na wiki nane hadi kumi hivi. Ukiweza kuvumilia, vumilia. Ukishindwa, mkere: taa kali darini, na redio ya watu wanaoongea. Muziki haumsumbui sana, sauti ya binadamu ndiyo haipendi. Mimi niliwawekea mabishano ya Simba na Yanga usiku na mchana, siku ya tatu mama akaanza kuhama, anabeba mtoto mmoja mmoja kwa meno. Huwa ana pango jingine la akiba, usimwonee huruma kupita kiasi.

Mtego sishauri. Sheria ya jimbo letu la Ontario hairuhusu umwachie zaidi ya kilomita 1 kutoka ulipomnasa, na kilomita 1 kwake ni matembezi ya jioni. Mikono pia weka mbali, kwa sababu anaweza kubeba kichaa cha mbwa. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Gazeti likishakaa siku tatu bila kuguswa, tunaziba. Wavu wa chuma wenye vijitundu vya nusu inchi, upite ukingo wa tundu kila upande, ukazwe kwa skrubu na washa, vile vipete bapa vya chuma. Povu la kupuliza usijisumbue nalo, analimega kama andazi.

Halafu kinyesi. Hunya mahali pamoja, na humo kuna mayai ya minyoo ambayo kwa binadamu yanaweza kufika hadi kwenye ubongo, watoto wadogo hasa. Vaa barakoa na glavu, nyunyiza maji kidogo vumbi lisiruke, zoa, funga mifuko miwili. Dawa ya kung'arishia nguo haiyaui hayo mayai. Joto ndilo linaloyaua, kwa hiyo kama ni kwenye baraza au zege, mwagia maji yanayochemka, taratibu usijiunguze. Darini palipojaa sufi ya kuzuia baridi iliyochafuka, hapo ita watu wa kazi hiyo.

Nashuka sasa, ngazi hii inatikisika. Pipa lile la kijani la mabaki ya chakula pale chini, jiji lilianza kutugawia yenye kitasa mwaka 2016, na bado kuna mtu humu ndani analiacha wazi.