Jamani, faili la MIDI, yaani la maelekezo ya kupiga muziki, halina sauti!

Hili nimelisema Sinza, nimelisema Mbagala, leo nalirudia hapa Kinondoni maana bado watu wananiletea flashi yenye kifaili cha KB 40 eti "mwalimu biti hii, tuingize vokali". Biti gani? Ndani ya MIDI hamna sauti hata ya kusingizia. Ni kama karatasi ya sol-fa ya kwaya: piga nota hii, nguvu yake kati ya 0 na 127, achia hapa. Namba ya ala inayo, sawa, 1 ni piano, 41 ni fidla, lakini fidla ya nani? Ya mashine utakayoikuta!

Kuna kijana kapanga wimbo wa kwaya kwenye laptop yake, mtamu kweli, kaja nao tukaufungua kwenye kompyuta nyingine, fidla zimekonda hadi aibu, halafu ngoma... piano. Ngoma zinalia piano! Kaziweka chaneli 1, na kwa utaratibu wa General MIDI ngoma ni chaneli 10, programu yake ilikuwa inamfichia hilo. Akadai spika mbovu. Spika zimekukosea nini mdogo wangu?

Najua kuna wa nyuma pale anasema mbona kwangu inapiga. Inapiga kwa sababu Windows ina kisintesaiza chake humo ndani, yaani kiprogramu cha kutoa sauti za ala, kidogo, cha zamani, ndo unachokisikia wewe. Ukitoka nyumbani unakiacha.

Kwa hiyo tafuta saundifonti nzuri, yaani makusanyo ya sauti za ala, zile za sf2, za bure zipo kibao, zipakie kwenye programu yako, halafu kila ala itoe peke yake kama WAV, faili la sauti yenyewe, ya biti 24 (biti za kompyuta hizo, si biti ya wimbo). Kasi ya sampuli, kilohezi 44.1 au 48, msigombane, chagua moja ukae nayo. Na zote zianzie sifuri, hata kama tarumbeta inaingia dakika ya pili, la sivyo nitashinda naitafuta inakokaa. Kilele cha sauti kibaki kama -6 dB, usiniletee nyekundu ya sauti kuzidi.

WAV nzito? Ndiyo, hata ile ya biti 16 ya stereo inakula kama MB 10 kwa dakika, njoo na flashi usimalize bando. Ila usinitolee MP3, inayokata sehemu ya sauti, halafu ukaigeuza WAV unidanganye, kilichokatwa kimekatwa, faili linanenepa tu.

Tempo, kasi ya wimbo, iandike kwenye jina la faili. Habari za maiki tuziache, mwenye ukumbi ananionyesha saa. Nani kaja na flashi, tufungue moja?