Kadi za Chakula na Maisha ya Mafichoni: Amsterdam, 1940–1945

Ndugu zangu, habari za bunduki mmezisikia sana. Leo tuzungumzie karatasi na chakula, kwani katika mji wa Amsterdam, Uholanzi, uliokaliwa na Wajerumani, hivyo ndivyo vilivyoamua nani ataishi.

Tangu 1941, kila mkazi aliyetimiza miaka 15 alitakiwa awe na kitambulisho chenye picha na alama ya kidole. Cha Myahudi kilipigwa herufi J. Kughushi kadi kuliwezekana, ila taarifa za kila mtu zilikuwa pia katika ofisi ya usajili. Askari akishuku, anauliza huko, jina halipo, mtu amekwisha. Ndiyo maana usiku wa Machi 27, 1943, kundi la wapinzani wa Wajerumani, wakiwemo mchongaji Gerrit van der Veen na mchoraji Willem Arondeus, liliingia ofisi hiyo kwa sare za polisi. Walinzi wakadungwa sindano za usingizi. Kadi za usajili zilizobanana haziungui vizuri, hivyo walivuta droo, wakazimwaga sakafuni, wakazimiminia benzini na kuripua. Wazima moto walichelewa kwa makusudi, kisha wakamwaga maji mengi ili yaharibu zilizosalia. Hata hivyo ziliharibika takriban asilimia 15 tu, na watu 12 wakapigwa risasi Julai 1.

Kumficha mtu, basi, hakukuishia kwenye chumba. Aliye mafichoni hapati kuponi za mgao, yaani vikaratasi vya kupatia chakula kilichopimwa, na mgao wa mwenyeji humtosha mmoja kwa shida. Wapinzani wakavamia ofisi za mgao, na wajumbe, wengi wao wanawake, wakazisambaza kuponi upesi, kwa sababu kila toleo lilikuwa na muda wake.

Septemba 1944 wafanyakazi wa reli waligoma. Wajerumani wakazuia chakula kwenda magharibi mwa Uholanzi, iliko Amsterdam; walipolegeza, mifereji ya kupitishia mashua ikaganda kwa baridi. Februari 1945 mgao ulikuwa chini ya kalori 600 kwa siku. Gesi ilikuwa imekatwa, watu wakang'oa mbao katikati ya reli za tramu wakawashe majiko madogo ya bati. Waling'oa pia maboriti ya nyumba tupu za Wayahudi waliopelekwa kuuawa. Hili ni zito kwangu kuliko njaa yenyewe.

Vitunguu vya maua ya tulipu vililiwa: menya, kata katikati, toa kiini cha njano kinachodhuru tumbo, chemsha. Wanaume hawakuthubutu kutoka, wasije wakakamatwa kwa kazi za lazima. Wanawake ndio walioendesha baiskeli zisizo na mipira hadi mashambani, wakibadilisha shuka kwa viazi.