Umefuata Moto?

ZUHURA: Karibuni tena kibarazani. Leo tuna neno moja tu, moto. Hamisi, kwenu Handeni linaanzia wapi?

HAMISI: Jikoni, dada, kwenye mafiga. Bibi yangu hakuwa mtu wa kuchezea kibiriti. Usiku anakifukia kisiki kwenye jivu, alfajiri anafukua, anatia vijiti, anavuvia. Ukizimika, natumwa kwa jirani na kigae, nikaombe kaa.

ZUHURA: Na unarudi mbio.

HAMISI: Mbio kwelikweli! Ukisimama kupiga soga, kaa linakufa na vidole vinaungua. Ndiyo maana mgeni akiaga kabla hata hajakaa, bibi alikuwa anamwuliza, "Kwani umefuata moto?"

ZUHURA: Mama yangu anapikia gesi, na bado ananiuliza hivyohivyo nikikata simu mapema. Sasa mimi linanichekesha hivi: moto ni jina, lina hadi wingi wake, mioto. Lakini ukiomba maji ya moto uoge, hakuna anayekuletea kitu kinachowaka.

HAMISI: Uji moto, chai moto, maandazi moto. Hapo halibadiliki kabisa, sawa na mwenzake baridi.

ZUHURA: Halafu fundi umeme naye: "Usiguse huo waya, una moto." Polisi wana silaha za moto. Mechi imepamba moto...

HAMISI: Hiyo naipenda. Namwona moto kajifunga kilemba, kajipaka hina.

ZUHURA: Na kuwaka je? Jua linawaka, taa inawaka. Gari likigoma asubuhi, haliwaki. Ukifika kazini umechelewa, mkubwa wako anawaka.

HAMISI: Huyo anawaka bila kusukumwa.

ZUHURA: Shehe naye akitaja motoni, hakuna anayeuliza ni jiko la nani.

HAMISI: Hapo hata watoto wa madrasa wananyamaza. Ila kuna methali moja nina ugomvi nayo. Moto huzaa jivu.

ZUHURA: Baba hodari, mtoto goigoi. Nini tena?

HAMISI: Wanalidharau jivu bure. Bibi alilitumia kusugulia masufuria, akachanganyia maharage ya mbegu yasiliwe na wadudu. Na huo moto wa alfajiri, nani aliulinda usiku kucha kama si jivu?

ZUHURA: Haya, wakili wa jivu tumekusikia. Yangu mimi ni dawa ya moto ni moto. Watu wanaitumia kuhalalisha kisasi. Kakutukana, mtukane. Mwisho mtaa mzima hauzungumzi. Nimekulia Unguja, kwetu moto tulikuwa tunauzima kwa maji na mchanga!

HAMISI: Kwa sababu hujaona moto wa nyika, dada. Mimi niliuona nikiwa darasa la tatu, kiangazi. Moshi unakuja na upepo, shamba la babu mahindi yamekauka, bado hayajavunwa. Ndoo za maji zenyewe ni mbili.

ZUHURA: Mkakimbia?

HAMISI: Mimi nilitaka. Babu akawasha moto mwingine.

ZUHURA: Wapi? Shambani kwake?

HAMISI: Ukingoni, kwenye majani makavu, upande ule unakotokea moto mkubwa. Watu wazima wamejipanga na matawi mabichi, ukitaka kugeukia mahindi wanaupiga. Wakauchunga hivyo, ukateketeza kipande kirefu, pakabaki peusi. Mimi nalia tu, nadhani babu karukwa na akili.

ZUHURA: Halafu?

HAMISI: Ule mkubwa ukaja unanguruma, ndimi zake zinapita kichwa cha mtu mzima. Ulipofika pale, ukakuta pameshaliwa.