Tuta Lisilokanyagwa, Udongo Unaolishwa

Ndugu zangu wenye bustani, ahsanteni kwa kufika. Kabla hamjanunua wala kumwaga chochote shambani, chukueni konzi ya udongo wenye unyevu muufinyange. Ukishikamana na kung'aa mnapousugua kwa kidole gumba, huo ni mfinyanzi. Ukimomonyoka papo hapo, ni kichanga. Mmoja hutuamisha maji, mwingine huyapitisha pamoja na virutubisho. Lakini dawa yao ni moja: mboji, yaani mabaki ya mimea na samadi yaliyokwisha kuoza.

Vijidudu na kuvu wanapoila mboji hutoa uteute unaonata. Uteute huo huzikusanya chembe za udongo zikawa vibonge vidogo vidogo, na katikati ya vibonge ndimo hewa, maji na mizizi hupita. Kwenye kichanga, mboji yenyewe ndiyo inayozuia maji yasitoroke. Tafadhali msitie mchanga kwenye mfinyanzi kwa nia ya kuulainisha. Ukikauka huwa mgumu kama tofali.

Sasa tuta. Upana usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande. Kimo cha sentimita 20 hadi 30 chatosha mboga nyingi. Wengi husifu kimo. Mimi nasema faida kubwa ya tuta ni kwamba halikanyagwi. Kanyaga mfinyanzi uliolowa mara moja tu, umebana vinjia ambavyo minyoo wamevichimba msimu mzima! Kabla ya kulijaza, tifueni ardhi ya chini kwa uma bila kuipindua, maji yasije yakasimama pale udongo mpya unapokutana na wa zamani.

Kila msimu tandazeni mboji sentimita 3 hadi 5 juu ya tuta. Minyoo wataishusha wenyewe. Samadi mbichi huunguza mizizi na huweza kubeba vimelea vya maradhi, basi iozeni kwanza. Maranda ya mbao yabaki juu kama matandazo. Mkiyachanganya na udongo, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mimea kirutubisho cha naitrojeni, majani yakawa ya njano.

Aliye na kichanga mahali pakame asiinue tuta kabisa, maana litakauka upesi. Achimbe kitalu kilichozama kidogo, akilishe mboji vilevile.

Na msishtuke tuta likishuka kimo baada ya miezi michache. Mboji imeliwa. Ongezeni.