Walipima Nchi Ikiwa Matangani

Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliokatiza shughuli zenu mkaja mchana huu: nawashukuru. Ukumbi huu hauko mbali na stesheni ya zamani, na nimefurahi kwamba mazungumzo haya juu ya waliopima njia ya reli tunayafanyia hapahapa Nairobi, mji uliozaliwa na reli.

Mimi kazi ya upimaji niliianza kwa kubeba mnyororo. Vijana wa leo wanapima kwa setilaiti, kwa hiyo niueleze. Mnyororo wa mpima ardhi ulikuwa na viungo 100, urefu wake futi 66. Wa mbele anautangulia mpaka ukaze, anachomeka mshale ardhini, wa nyuma anaitikia, mnasonga. Mkifanya hivyo mara 80, mmemaliza maili moja. Nchi uliyoipima hivyo umeikanyaga yote. Unajua miba yake, unajua ni nani alitoka nyumbani kwake akauliza mnatafuta nini.

Sasa niwapeleke Mombasa, Desemba 1891. Kapteni Macdonald, mhandisi wa jeshi la Uingereza, anaondoka pwani na msafara wake kwenda kutafuta njia ya reli hadi Ziwa Viktoria. Mwaka 1892 kazi ilikuwa imekwisha. Huo haukuwa upimaji wa mnyororo hatua kwa hatua. Ulikuwa wa kuichungulia njia na kusonga. Walitaka kujua mambo matatu: maji yako wapi, mwinuko ni mkali kiasi gani, gharama itakuwa ngapi. Na jibu la lile la kwanza halikuwa kwenye chombo chochote walichobeba. Lilikuwa vichwani mwa wapagazi. Misafara ya pembe ilikuwa imeivuka nyika ya Taru miaka mingi kabla yao, na wapagazi wa pwani walijua kisima kipi hukauka lini, na kutoka maji haya hadi maji yale ni mwendo wa siku ngapi. Wenyeji walijua zaidi. Mstari uliochorwa kwenye ramani ulipita kwa kiasi kikubwa katika njia za watu waliokwisha kuzikanyaga kwa nyayo zao.

Lakini jambo lililonileta hapa ni mwaka wenyewe. Tafadhali tuusimamie kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka, ile tauni ya ng'ombe, iliingia nchi hii. Ilifyeka ng'ombe wa Wamaasai karibu wote. Baada ya sotoka ikaja ndui. Mbatian, laibon wao mkuu, yaani kiongozi wa kiroho, alikuwa amefariki, na wanawe Lenana na Sendeu wakagombania nafasi yake. Wamaasai wenyewe kipindi hicho wanakiita Emutai, maangamizi. Sasa fikirini: mfugaji asiye na ng'ombe anafanya nini kwenye tambarare? Anaondoka. Anakwenda kwa wakulima aliooana nao, anatafuta chakula kwa Wakikuyu, watoto wanaachwa kwa jamaa. Mbuga inabaki na majani yasiyo na wa kuyala. Wapimaji wakapita hapo, wakatazama, na picha waliyoondoka nayo ni ya nchi kubwa, nzuri, isiyo na watu.

Walipita katikati ya matanga, na waliokosekana uwanjani wakahesabiwa kuwa hawakuwahi kuwako. Hili linaniuma, na linaniuma kama mtu wa fani ileile. Mpimaji anajua kwamba mto aliouvuka wakati wa kiangazi utajaa masika, hata mchanga wake ukiwa mkavu kiasi gani. Kwa nini hakuwaza hivyohivyo juu ya watu?

Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Upana wa reli ulikuwa mita moja. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walikufa kazini kwa maradhi, ajali na mengineyo. Simba wa Tsavo waliowala vibarua wamesimuliwa vya kutosha, nitawaruka. Mwisho wa Mei 1899 reli ikafika hapa, maili 327 kutoka pwani. Kwa nini hapa? Kwa sababu ndipo mahali pa mwisho penye ardhi bapa na maji kabla ya kuupanda mlima kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Wahandisi walihitaji pa kuweka karakana. Maji hayo Wamaasai walikuwa wakinyweshea mifugo, na jina waliyapa wao: Enkare Nairobi, maji baridi.

Na reli ilifika wakati gani? Wakati wa njaa. Wakamba wanaiita Yua ya Ngomanisye, Wakikuyu wanaiita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya. Mara ya pili nchi ikakutwa kitandani. Na wakati huo sheria ilikuwa imekwisha kuandikwa: mwaka 1897 serikali ilitwaa maili moja kila upande wa reli. Nirudi kwenye mnyororo wangu. Maili moja kulia, maili moja kushoto: kila maili ya reli ilibeba maili mraba 2, ekari 1,280. Mwaka 1904 mkataba ukawahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, sehemu wakapelekwa Laikipia, sehemu kusini, ili ardhi iliyo karibu na reli wapewe walowezi. Kufikia hapo ng'ombe walikuwa wamezaliana tena na wenyewe walikuwa wamerudi malishoni.

Wanandi walipinga waziwazi. Waya wa simu waliukata wakautengenezea mapambo. Boliti za reli wakazifua kuwa silaha. Vitabu vya zamani vinaliita jambo hilo wizi. Mimi nasema, aliyefungua boliti ile alikuwa na jibu la swali ambalo hakuna aliyemwuliza. Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo na Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Uingereza, akapigwa risasi hapohapo. Baada ya hapo Wanandi wakahamishwa mbali na reli. Garimoshi lilikuwa limefika ziwani, Kisumu ya leo, tangu Desemba 1901.

Nimekuja na kitu kimoja. Hiki ni kipande cha taruma la zamani, lile gogo linalolazwa chini ya reli kuishikilia. Angalieni, ni chuma, si mbao. Mataruma mengi ya njia ile yalikuwa ya chuma kwa sababu mchwa wangeyala ya mbao. Kwa hiyo mchwa walifikiriwa. Kuna mtu aliketi London, akapiga hesabu ya mchwa, akaagiza chuma, kikapakiwa melini, kikashushwa Mombasa.

Pokezaneni, kianzie kwa mzee hapo mbele. Kishikeni kwa mikono miwili, ni kizito. Kikirudi hapa tutaanza maswali.