Kagua Leseni ya Maktaba ya Kwantamu Kabla Hujaandika Kodi ya Programu

Karibu, mtazamaji. Leo tunakagua leseni za maktaba, yaani kodi iliyokwisha kuandikwa na wengine, za kuandikia programu za kompyuta za kwantamu. Mfano wetu ni Q#, lugha ya Microsoft, kwa sababu maktaba zake za QDK (seti ya zana za Microsoft za kuandikia programu za kwantamu) ya zamani, kabla ya ile mpya ya 2024, zilitolewa kwa leseni mbili tofauti na kwa macho zinafanana sana.

Fungua GitHub, tovuti ya kuhifadhia kodi, ingia akaunti ya microsoft, utafute QuantumLibraries. Bofya faili la leseni: ni MIT, leseni huria yenye masharti machache. Unaruhusiwa kutumia kodi, kuibadilisha, hata kuiuza, mradi uache tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni mahali pake. Hapa hatukai.

Sasa tafuta Quantum-NC. Herufi hizo mbili za mwisho, kifupi cha non-commercial, ndizo zenye uzito: maktaba hizi ni za wanazuoni na utafiti usio wa kibiashara. Fungua leseni, isome polepole mpaka mwisho. Kodi unaiona, unaipakua, inafanya kazi bila kudaiwa hata senti, lakini hiyo si ruhusa ya kuiweka ndani ya bidhaa ya kuuza.

Hatua ya tatu, fungua mradi wako. Tazama mistari hii ya juu inayoanza na open. Huu unasema Microsoft.Quantum.Characterization; huo ni wa MIT. Wa chini yake unasema Microsoft.Quantum.Research.Characterization. Umeona? Neno moja tu limeongezeka, na masharti yote yamebadilika. Kwenye VS Code, programu ya kuandikia kodi, bonyeza Ctrl, Shift na F, uandike Quantum.Research, upekue mradi mzima. Pitia pia faili la csproj, lenye mipangilio ya mradi, mistari ya PackageReference, maana huko ndiko vifurushi vinakotajwa.

Ukiikuta maktaba ya Quantum.Research, usikimbilie kufuta. Kama ni tasnifu ya chuo, endelea, ila andika kwenye README, faili la maelezo ya mradi, sehemu ipi iko chini ya leseni ipi. Kama mnawaza kufungua kampuni, au kuna kampuni inayofadhili kazi yenu, muulizeni msimamizi wenu mapema. Mimi naona swali hili ni la siku ya kwanza ya mradi, kwa sababu kung'oa maktaba ambayo algorithimu nzima imeiegemea ni sawa na kuandika upya.

Unataka njia isiyo na kizuizi hicho? Qiskit ya IBM na Cirq ya Google, nazo ni maktaba za kwantamu, zina leseni ya Apache 2.0, inayoruhusu biashara. Ukibadilisha faili, lazima useme umelibadilisha. Kwenye terminali andika pip show qiskit, utazame mstari wa leseni.

Mwisho, kagua toleo ulilosakinisha wewe, si lile la rafiki yako. TKET, maktaba nyingine ya kwantamu, kwa mfano, ilianza na leseni isiyoruhusu biashara, ikahamia Apache 2.0 mwaka 2021.